Cheche kwa Wakati Wake: Jinsi ya Kufunga Distributa na Kutega Taimingi katika Injini ya Zamani

Injini ya petroli huhitaji mambo matatu ili izunguke: mchanganyiko wa hewa na petroli, mgandamizo wa kutosha, na cheche ya umeme. Mara nyingi fundi hupoteza siku nzima akitafuta ubovu katika mambo mawili ya kwanza, kumbe cheche ipo, tena ni kali, ila inakuja wakati usio wake. Cheche ya namna hiyo ni mbaya kuliko kukosa cheche kabisa. Injini isiyo na cheche hulala tu pale ilipo. Lakini injini ambayo cheche yake inawahi mno hujiponda yenyewe huku ikitembea, na mwenye gari hana habari mpaka siku pistoni inapotoboka.

Makala haya yanahusu injini za zamani zinazotumia distributa yenye kontakti, kama zile za Land Rover za Series II na III, Volkswagen Beetle, na Peugeot 404 na 504. Magari hayo yangalipo barabarani, na mengine bado yanafanya kazi nzito. Magari ya siku hizi hayana distributa: kompyuta ndogo huamua wakati wa cheche, na kuna chombo kinachosikiliza injini na kuchelewesha cheche mara kugonga kunapoanza. Gari la zamani halina mlinzi huyo. Akili yake yote iko mikononi mwa fundi aliyeifunga distributa.

Kwa nini cheche hutangulia

Wengi hudhani kwamba cheche huruka pale pistoni inapofika kileleni mwa silinda. Sivyo. Petroli iliyochanganyika na hewa hailipuki kwa mara moja kama baruti. Moto huanzia kwenye plagi na kusambaa kama moto wa nyika unaovuka uwanja, ingawa kwa kasi kubwa sana. Tuseme kwa makadirio kwamba safari hiyo huchukua sehemu 2 kwa 1,000 za sekunde. Huo ni muda mfupi kwetu, lakini kwa injini ni muda mrefu.

Na tuhesabu. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, huzunguka mara 50 kwa sekunde. Mzunguko mmoja una nyuzi 360, kwa hiyo katika sekunde moja krenkishafti hupita nyuzi 18,000. Katika sehemu 2 kwa 1,000 za sekunde itakuwa imepita nyuzi 36. Kama cheche ingengoja pistoni ifike kileleni, moto ungekamilika wakati pistoni imekwisha kuteremka mbali, na nguvu nyingi ingetoka bure kwa njia ya ekzosi.

Injini hutoa kazi nyingi zaidi ikiwa msukumo wa gesi unafikia upeo wake pistoni ikiwa imepita kilele kidogo, yaani kiasi cha nyuzi 10 hadi 15. Ili jambo hilo litimie, cheche haina budi kutangulia. Kule kutangulia ndiko mafundi wanakokuita kuwahisha moto, na kazi ya kuweka kiasi chake ndiyo kutega taimingi.

Lakini injini ikizunguka polepole, kwa mfano mara 800 kwa dakika, katika muda ule ule hupita nyuzi 10 tu au pungufu. Kwa hiyo kiasi kimoja cha kuwahisha hakiwezi kufaa kwa kasi zote. Ndiyo maana ndani ya distributa mna vyuma viwili vidogo vyenye springi. Kasi inapoongezeka vyuma hivyo hutanuka kwa nguvu ya mzunguko na kuwahisha cheche. Distributa nyingi zina pia kopo la bapa lililounganishwa na kabureta kwa mrija mwembamba. Mvuto wa hewa hulifanya kopo hilo liwahishe cheche zaidi wakati injini haina mzigo mkubwa, kwa kuwa mchanganyiko mwepesi huungua polepole. Fundi hategi kila kasi peke yake. Hutega mahali pa kuanzia, na vyombo hivyo huongeza vyenyewe, ilmradi ni vizima.

Cheche huzaliwa lini

Mpango wa betri, koili na kontakti ulibuniwa na Mmarekani Charles F. Kettering, ukaanza kutumika katika magari ya Cadillac yapata mwaka 1910, na baadaye ukatawala magari ya dunia kwa miongo mingi. Siri yake ni rahisi. Kontakti zinapogusana, umeme wa betri hupita katika koili na kuitia nguvu ya sumaku. Zinapoachana, umeme hukatika ghafla, nguvu ile ya sumaku huporomoka, na kuporomoka huko huzaa umeme wa volti 15,000 au zaidi. Umeme huo huingia katikati ya kifuniko cha distributa, hupita kwenye rota, kisha huenda kwenye plagi ambayo zamu yake imefika.

Msomaji ashike neno hili, maana kazi yote inayofuata inalitegemea: cheche huruka wakati kontakti zinapoachana, wala si zinapogusana. Kutega taimingi ni kuhakikisha kwamba kontakti zinaachana hasa pale pistoni ya silinda ya 1 inapofika mahali palipotajwa na watengenezaji.

Kabla ya kuing'oa distributa

Taabu nyingi zinazoonekana wakati wa kufunga zilianza wakati wa kufungua. Tia gia huru, vuta breki ya mkono, kisha fungua waya mmoja wa betri. Andika namba kwenye waya za plagi kabla ya kuzichomoa.

Halafu ipeleke silinda ya 1 kwenye kilele cha mgandamizo. Toa plagi ya silinda hiyo, ziba tundu lake kwa kidole gumba, na mwenzako aizungushe injini polepole kwa hendeli au kwa spana, katika mwelekeo wake wa kawaida. Hewa ikianza kukisukuma kidole kwa nguvu, ndipo pistoni inapopanda kugandamiza. Endelea taratibu mpaka alama ya puli au flaiwili ikutane na alama iliyo kwenye mwili wa injini.

Kidole hicho ni muhimu, kwa sababu alama ya puli peke yake husema nusu ya kweli. Katika injini ya mapigo manne, pistoni hufika kileleni mara mbili katika kila mzunguko kamili wa kazi: mara moja ikigandamiza, na mara ya pili ikitoa moshi. Alama ya puli hukutana mara zote mbili. Distributa huzunguka kwa nusu ya kasi ya krenkishafti, kwa hiyo anayekosea mwendo huweka rota nyuzi 180 mbali na mahali pake. Injini hiyo haitawaka. Itatema moto kwenye kabureta au itafyatua kwenye ekzosi, na fundi atailaumu petroli.

Sasa ondoa kifuniko. Tazama rota imeelekea wapi, na utie alama kwa msumari au chaki kwenye ukingo wa distributa. Tia alama nyingine inayopita kwenye mwili wa distributa na kwenye injini. Fungua kibano, vuta distributa juu, na ikiwa rota inageuka inapochomolewa, tia alama ya tatu mahali ilipokomea. Tangu hapo mtu yeyote asiizungushe injini mpaka distributa irudi.

Kontakti kwanza, taimingi baadaye

Mafundi wengine hutega taimingi kwanza, kisha hurekebisha nafasi ya kontakti. Huko ni kujenga na kubomoa. Nafasi ya kontakti ikiongezwa, huachana mapema zaidi, na cheche huwahi. Ikipunguzwa, cheche huchelewa. Kwa sababu hiyo nafasi ya kontakti haina budi kupimwa kabla ya yote.

Safisha nyuso za kontakti, au weka mpya ikiwa zimechimbika. Zungusha shafti mpaka kisigino cha kontakti kikae juu ya ncha ya kemu, mahali ambapo zimeachana kabisa. Pima nafasi hiyo kwa bamba la kupimia unene. Kwa distributa za Lucas zilizofungwa katika Land Rover za silinda nne, kipimo ni kati ya milimita 0.35 na 0.40. Volkswagen Beetle hutumia milimita 0.40. Paka kemu grisi kidogo mno, kiasi cha kichwa cha kiberiti. Kisigino kikavu huisha upesi, na kadiri kinavyoisha nafasi hupungua na moto huchelewa siku hata siku. Gari hupoteza nguvu polepole sana, hata dereva akazoea udhaifu wake.

Kuirudisha mahali pake

Distributa ziko za aina mbili kwa jinsi zinavyoendeshwa. Aina ya kwanza ina ulimi chini ya shafti unaoingia katika mfuo. Mara nyingi ulimi huo haukukatwa katikati bali umesogea upande mmoja, hata hauingii ila kwa namna moja tu. Aina hii haimsumbui fundi, madhali gia iliyo ndani ya injini haikuguswa.

Aina ya pili ina gia yenye meno ya mshazari mwishoni mwa shafti. Inaposhuka na kushikana na gia ya kemshafti, shafti hugeuka. Kwa hiyo usiielekeze rota mahali unapotaka iwe mwishowe. Ianzishe kwenye ile alama ya tatu, ili ikishuka igeuke na kufika penyewe. Ukikosa jino moja kosa si dogo. Gia ikiwa na meno 13, jino moja ni karibu nyuzi 28 za distributa, na kwa kuwa krenkishafti huzunguka mara mbili zaidi, hizo ni nyuzi 55 za injini. Hakuna kugeuza mwili wa distributa kunakoweza kuponya kosa kama hilo bila ya rota kuachana na vituo vya kifuniko.

Katika injini nyingine shafti hiyo hiyo huendesha pampu ya oili. Distributa ikigoma kukaa chini kabisa, huenda ncha yake haijalingana na shafti ya pampu. Usiilazimishe kwa nyundo wala kwa kukaza bolti ya kibano, maana utavunja. Itoe, igeuze shafti ya pampu kidogo kwa bisibisi ndefu, kisha ujaribu tena.

Kutega kwa taa ya volti 12

Chombo kinachohitajika ni cha bei ndogo: balbu ya volti 12 yenye waya mbili. Rudisha waya wa betri. Unga waya mmoja wa balbu kwenye ule waya mwembamba utokao kwenye koili kwenda distributa, na wa pili kwenye chuma cha injini. Zungusha injini katika mwelekeo wake wa kawaida mpaka alama ya puli ifike kwenye nyuzi zilizoandikwa katika kitabu cha gari hilo. Ukipita alama usirudi kidogo tu. Rudi nyuma sana, kisha uje mbele tena, ili ulegevu wa mnyororo au gia za ndani usikudanganye.

Legeza kibano kiasi cha kuiwezesha distributa kugeuka kwa mkono, kisha fungua swichi ya gari. Kontakti zikigusana, umeme hupita njia yao na balbu huzimika. Zikiachana, umeme hukosa njia hiyo, hupita kwenye balbu, nayo huwaka. Geuza mwili wa distributa kuelekea upande rota inakozungukia mpaka balbu izimike. Halafu ugeuze polepole sana kinyume cha mwelekeo wa rota. Pale pale balbu inapowaka, simama. Hapo ndipo cheche inapozaliwa. Kaza kibano, kisha rudia kipimo kwa kuizungusha injini mizunguko 2 kamili: balbu lazima iwake alama inapofika. Funga swichi mara umalizapo, kwa kuwa koili iliyoachwa na umeme huku injini imesimama hupata moto na kuungua.

Kanuni ya kukumbuka ni moja: kugeuza mwili wa distributa kinyume cha mzunguko wa rota huwahisha moto, kuugeuza sawa na rota huuchelewesha.

Waya za plagi

Weka rota na utazame kituo cha kifuniko inachokielekea. Hicho ni cha silinda ya 1. Vituo vingine hufuata kwa mpango wa kuwaka wa injini, kwa upande rota inakozungukia. Land Rover ya silinda nne huwaka 1-3-4-2, na rota yake huzunguka kinyume cha mwendo wa mkono wa saa. Volkswagen Beetle huwaka 1-4-3-2, na rota yake hufuata mkono wa saa. Fundi aliyezoea gari moja asichukue mazoea yake kwenda gari jingine. Hata namba za silinda hutofautiana: katika Peugeot 404 na 504, silinda ya 1 ni ile iliyo upande wa flaiwili, wala si ile iliyo mbele karibu na feni.

Sikio la fundi na mipaka yake

Injini ikisha kuwaka na kupata joto lake, yafaa kuhakikisha kazi kwa taa ya kumulika alama, ile inayomweka kila plagi ya 1 inapotoa cheche. Chomoa mrija wa mvuto, uzibe tundu lake, na uiache injini izunguke kwa kasi iliyotajwa na kitabu. Alama ya puli huonekana kana kwamba imesimama. Ukiongeza kasi, alama isogee upande wa kuwahi. Isiposogea, vyuma vya ndani vimekwama kwa kutu au grisi kavu. Jihadhari na feni, ambayo chini ya mwanga huo yaweza kuonekana imetulia. Mikono imekatika kwa udanganyifu huo.

Wengi hawana taa hiyo, hivyo hutega kwa sikio: hugeuza distributa mpaka injini inguruma vizuri, kisha hukaza. Njia hii hupendeza kwa kuwa injini isiyo na mzigo hufurahia moto wa mapema, na kasi yake hupanda. Lakini furaha hiyo ni ya uongo. Gari likipanda mlima na mzigo, moto uliowahi mno hubana gesi iliyobaki bila kuungua hadi iwake yenyewe kwa kishindo. Dereva husikia mlio kama wa misumari inayotikiswa ndani ya kopo. Huko ndiko kugonga, na kukiendelea huyeyusha kingo za pistoni, huvunja ringi, na huchoma gasketi ya kichwa. Katika magari ya kuwashwa kwa hendeli, moto uliowahi waweza kuirudisha hendeli kwa nguvu na kuuvunja mkono.

Moto uliochelewa nao una dalili zake: gari zito, petroli nyingi kwa safari ile ile, injini kupata joto kupita kiasi, na ekzosi kuwa nyekundu karibu na kichwa cha injini. Huo huua polepole. Ule wa kuwahi huua upesi.

Kwetu kuna jambo moja zaidi la kuzingatia, nalo ni mwinuko wa nchi. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni takriban asilimia 82 ya ile ya pwani. Silinda huvuta hewa kidogo zaidi, mgandamizo hupungua, moto husafiri polepole, na injini huvumilia kuwahishwa bila kugonga. Fundi wa Mbeya aliyetega kwa sikio mpaka kwenye ukingo wa kugonga ametega vyema kwa Mbeya. Gari hilo hilo likiteremka Dar es Salaam na kubebeshwa mzigo katika joto la pwani, litagonga. Dereva atasema gari limechoka kwa safari, kumbe limeshuka tu kwenye hewa nzito likiwa na taimingi ya mlimani. Anayesafiri baina ya nyanda za juu na pwani na atege kwa kipimo cha kitabu, si kwa sikio.

Aina ya petroli nayo ina neno. Mwaka 1921 Thomas Midgley, akifanya kazi chini ya Kettering huyo huyo aliyebuni mpango wa cheche, aligundua kwamba mchanganyiko wenye risasi huzuia kugonga. Dawa hiyo ilitumika duniani kote ijapokuwa ni sumu, hasa kwa ubongo wa watoto. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha kuiuza kwa magari mwaka 2021. Vitabu vingi vya magari ya zamani viliandikwa kwa petroli ya siku hizo. Kwa hiyo anza na kipimo cha kitabu, kisha peleka gari mlimani likiwa na joto na mzigo wake wa kawaida. Likigonga, chelewesha moto nyuzi 1 au 2 na ujaribu tena. Usiwahishe kamwe kupita kitabu kwa tamaa ya nguvu.

Mwenye gari asiye fundi naye anaweza kujilinda. Distributa ikifunguliwa, na aulize swali moja: "Umetega kwa alama au kwa sikio?" Balbu moja, bamba la kupimia unene na nusu saa ya utulivu vyatosha kulijibu swali hilo kwa uhakika, na kuiokoa pistoni ambayo bei yake ni mara nyingi ya ujira wa kazi hiyo.